Tuwafundishe Sentensi Kabla ya Insha

Januari kila mwaka, maelfu ya watoto wa Tanzania huvuka kutoka shule ya msingi kuingia kidato cha kwanza, na kwa wengi wao lugha ya masomo hubadilika siku hiyohiyo. Moyo na mishipa, mito na mabonde, biashara ya misafara ya karne ya 19: mambo waliyoanza kuyasoma kwa Kiswahili sasa yanawajia kwa Kiingereza. Mwalimu wa baiolojia anauliza kazi ya moyo ni nini. Mtoto anaijua. Mwulize kwa Kiswahili atakwambia kwamba moyo husukuma damu mwilini, na habari za mishipa ataziongeza bila kuombwa. Mwambie aandike kwa Kiingereza, atafungua daftari, atafute aya aliyoinakili ubaoni, aihamishe yote, na yasiyohusika humo humo.

Maarifa mtoto huyu anayo, na hata maneno anayo. "Heart" analijua, "blood" analijua, "pump" amelisikia darasani mara nyingi. Kilichomshinda ni kuyaunga yawe kauli moja: "The heart pumps blood." Maneno manne, sentensi kamili, na alama ya mtihani imepatikana. Maoni yetu ni kwamba hapo ndipo tumewaangusha wanafunzi wetu kwa miaka mingi. Tunawapa majina ya nyakati, orodha za msamiati na insha za ukurasa mzima, lakini kazi ya kutunga sentensi moja iliyo wazi, iliyo yao wenyewe, tumewaachia wajifunze njiani.

Mjadala wa lugha ya kufundishia tunaujua na hatuukwepi. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari na kuendelea, na serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufungua tena mlango huo, lakini sekondari bado zinafundisha kwa Kiingereza. Sisi tungependa mtoto asome sayansi kwa lugha anayoielewa. Lakini hata siku Kiswahili kitakapokaa kwenye ubao wa fizikia, Kiingereza kitaendelea kuwa somo, na kijana atakihitaji akitafuta kazi ya hoteli Arusha, akisoma maelekezo ya dawa au akiandika barua pepe kwa mteja wa Dubai. Mwenye kukitetea Kiswahili na mwenye kukitetea Kiingereza wote wana haja na mtoto anayeweza kuandika sentensi inayoeleweka.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania wakakuta kwamba kati ya wa kidato cha nne waliopimwa, kama mmoja tu katika kila kumi ndiye aliyefikia kiwango ambacho mtu angetarajia awe nacho kabla hajaanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Kumbuka ni kidato cha nne, mwisho wa safari. Uingereza ikafadhili mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, na vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi vikapelekwa katika sekondari. Lilikuwa jambo jema na tutalirudia hapa chini. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa upande wake, amesema kwa miaka mingi kwamba kuitumia lugha kufundishia masomo mengine hakumfundishi mtoto lugha hiyo. Anayetaka watoto wajue Kiingereza awape walimu wazuri wa somo la Kiingereza. Ukikaa nyuma ya darasa la kidato cha kwanza hata kwa kipindi kimoja utaona amesema kweli. Mtoto anasikia Kiingereza kutwa, ananakili kutwa, na jioni hajatunga hata sentensi moja.

Basi sentensi iliyo wazi inajengwaje, na kwa nini inamshinda mtoto mwenye akili timamu?

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Kitenzi chetu kinabeba mzigo mkubwa. "Nilimwona" ni neno moja, na ndani yake yumo aliyeona, wakati wa kuona na aliyeonwa. Mwingereza hulazimika kuyatenga mambo hayo na kuyapanga foleni: "I saw him." Tena foleni hiyo haichezewi. Kiswahili kinakuruhusu kusema "Kitabu mtoto amekisoma," ukitaka kukitia kitabu mkazo, na hakuna atakayedhani kwamba kitabu ndicho kilichosoma, maana viambishi vimeshaonyesha nani ni nani. Kiingereza hakina viambishi hivyo. Ndani yake nafasi ya neno ndiyo inayoonyesha mtenda na mtendwa, na ukizibadilisha nafasi umebadilisha habari. Mtoto hajaambiwa jambo hili. Ameambiwa "present perfect tense" na akapewa jedwali.

Kutokana na pengo hilo makosa yanakuja kwa mpangilio unaojulikana, na mwalimu yeyote aliyesahihisha madaftari anaweza kuyataja usingizini. "My mother she is a nurse." Kwa Kiswahili "mama yangu ni muuguzi," na "mama yangu anafanya kazi": ile a- ya "anafanya" ipo hata mama akishatajwa, kwa hiyo mtoto anaona ni haki "she" naye awepo. "The book which I read it." Tunasema "kitabu nilichokisoma", na kile -ki- cha pili mtoto amekitafsiri kwa uaminifu kuwa "it". "Although he was sick but he came." Ndivyo tunavyosema: ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja. Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja, uchague kimojawapo. "The rain is raining." Mvua inanyesha, kwa hiyo lazima mvua itajwe, nani angekisia kwamba Mwingereza huweka "it" isiyorejelea kitu chochote, kwa sababu tu sentensi yake haiwezi kusimama bila kiima?

Yatazame makosa hayo vizuri. Hakuna la kijinga hata moja. Kila moja lina sarufi safi ya Kiswahili chini yake. Mtoto anayeandika "the book which I read it" ana akili ya lugha inayofanya kazi barabara, ila hajaonyeshwa pale ambapo lugha hizi mbili zinaachana. Mwalimu anayejua Kiswahili, na walimu wetu karibu wote wanakijua, anaweza kumwonyesha kwa dakika mbili: andika sentensi ya Kiswahili ubaoni, pigia mstari -ki-, andika ya Kiingereza chini yake, futa "it". Darasa zima limeona. Jumatatu wape sentensi tano za namna hiyo wazitunge wenyewe, na Ijumaa wape nyingine tano.

Ndiyo sababu tunapinga kwa nguvu zote zile shule zinazomwadhibu mtoto kwa kosa la kuzungumza Kiswahili. Kibao cha kuvaa shingoni, faini, fimbo, kufyeka nyasi kwa sababu umemwomba mwenzako kalamu kwa lugha ya nyumbani: mambo haya hayajampa mtu yeyote sentensi ya Kiingereza. Yanampa ukimya. Mtoto anayeogopa atachagua kutosema kitu, na asiyesema hana pa kusahihishiwa. Tena mwalimu anajinyima chombo bora alicho nacho, yaani lugha ambayo mtoto ameshaimudu na ambayo kwayo anaweza kuulizwa, "Hapa ulitaka kusema nini?"

Swali hilo, ulitaka kusema nini, lina thamani kuliko kalamu nyekundu. Chukua mfano wa aya ambayo tumeitunga kwa kufuata makosa yanayoonekana kila siku:

"Yesterday I am waked up in the morning and I go to the river to fetch water and the water it was dirty and I return at home and my mother she told me that why you have not brought water."

Mwalimu mwenye madaftari mengi mezani atayazungushia duara makosa saba au manane, ataandika alama mbili juu ya kumi, atasogea. Mtoto atazitazama duara zile kama anavyotazama mvua, kisha atafungua ukurasa mpya. Hajajifunza lolote. Lakini aya ile ina habari kamili, na ina mtiririko tunaoujua vizuri: nikaamka, nikaenda, nikakuta maji machafu, nikarudi, mama akaniambia. Kiambishi -ka- ndicho kinachosukuma hadithi za Kiswahili toka enzi, na kinazisukuma vizuri. Kiingereza hakina kitu kama hicho, kwa hiyo mtoto ameshika "and" akaibebesha kazi yote. Matokeo yake ni sentensi moja isiyopumua.

Dawa ya kwanza ni nukta. Mwambie mtoto asome kwa sauti na aweke nukta kila tendo linapoisha, afute "and" zote, kisha aamue yapi yanastahili kurudishiwa kiunganishi. Baada ya hapo mwulize: ulirudi nyumbani na nini mkononi? Atasema, ndoo tupu. Ukimwongoza hivyo ataondoka na kitu kama hiki: "I got up early. I went to the river for water, but it was dirty. I came home with an empty bucket. My mother asked me why." Sentensi nne. Ya pili ina "but" kwa sababu maji machafu yanaikanusha nia ya safari, na hapo kiunganishi kina kazi. Ndoo tupu haikuwamo katika aya ya kwanza. Imetoka kwa mtoto mwenyewe alipoulizwa. Yale ya "told me that why" yameondoka yenyewe, maana akaniambia-kwa-nini ya Kiswahili imepata kitenzi chake cha Kiingereza, "asked". Hatukuhitaji somo la nyakati kumi na mbili ili tufike hapo.

Hili la kitenzi na wenzake lina historia yake, na inafaa walimu wetu waijue. Mwaka 1922 Mwingereza Harold Palmer alikwenda Japani kuishauri wizara ya elimu ya huko juu ya ufundishaji wa Kiingereza, na mwaka uliofuata akaanzisha taasisi ya utafiti mjini Tokyo. Mwaka 1924 alifika mwalimu mwingine, A. S. Hornby, ambaye baadaye alifanya kazi pamoja naye. Wanafunzi wa Kijapani walikuwa na shida kama ya wetu: maneno wanayo, sentensi hazikai. Hornby na wenzake wakaona kwamba kumwambia mwanafunzi maana ya kitenzi hakutoshi. Sharti aambiwe kitenzi hicho kinataka nini mbele yake. Kamusi waliyoiandaa kwa msingi huo ilitoka Tokyo mwaka 1942, ikachapishwa tena na Oxford mwaka 1948, na ndiyo iliyozaa kamusi ya Oxford ya wanaojifunza Kiingereza ambayo leo imo katika maktaba nyingi za shule zetu. Kamusi hiyo iliyokua hadi kuenea dunia nzima ilitokana na darasa la wageni waliotaka kujua sentensi inaungwaje.

Tulete hilo nyumbani. "Mwalimu alitueleza somo." Mwanafunzi anaandika "The teacher explained us the lesson," kwa sababu kwenye daftari lake la msamiati imeandikwa: explain, eleza. Lakini "explain" haikubali "us" mbele yake namna hiyo, inataka "The teacher explained the lesson to us." Wakati huohuo "tell" inakubali: "The teacher told us a story." Kwa Kiswahili vyote viwili vinachukua -tu- bila tatizo. Kwa hiyo orodha ya maneno yenye tafsiri pembeni, ile tunayoiona katika kila daftari kuanzia Mtwara hadi Bukoba, ni nusu ya kazi. Mtoto asiandike neno peke yake. Aandike sentensi nzima yenye neno hilo, fupi, inayomhusu, na aikariri sentensi. Siku atakapohitaji "explain", litakuja na "to" yake.

Adui mwingine ni maneno makubwa. Wanafunzi wetu wengi, na tuseme wazi, walimu wengi pia, wanaamini kwamba Kiingereza kizuri ni kile kigumu. Insha inafunguliwa na msemo wa kukariri, inafungwa na mwingine, na katikati kuna neno refu lililochomekwa ili msahihishaji ashituke. Barua ya kuomba kazi inaanza kwa "I humbly and respectfully beg to submit" na mwombaji anafika mstari wa tano hajasema anaomba kazi gani. Lugha hiyo tuliirithi kutoka katika ofisi za kikoloni, na wenyewe Waingereza waliichoka mapema. Mwaka 1948 Sir Ernest Gowers, kwa ombi la Hazina ya Uingereza, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Plain Words, cha kuwafundisha maofisa wa serikali kuandika kwa maneno ya kawaida yanayoeleweka na mwananchi. Kama mwenye lugha alihitaji kuambiwa hivyo, hatuna sababu ya kumtwika mtoto wa Newala mtindo ambao London waliutangazia vita zaidi ya miaka sabini iliyopita. "I am applying for the post of driver. I have driven lorries between Dar es Salaam and Tunduma." Mwajiri ameshajua anazungumza na nani.

Tunajua jibu la walimu: darasa lina watoto wengi mno, vipindi vinafuatana, mtaala unasukuma. Ni kweli, na hatutajifanya hatuoni. Mwalimu wa shule ya kata mwenye mikondo mitatu hawezi kusahihisha insha za wote kila wiki. Ndiyo maana tunasema sentensi, maana sentensi inasahihishika. Wape dakika kumi mwanzoni mwa kipindi, kila mmoja atunge sentensi tatu juu ya jambo alilolifanya au kuliona yeye. Pita kati ya madawati, okota madaftari manne tu, andika ubaoni sentensi moja moja bila kutaja jina la mwenyewe, darasa lizitengeneze pamoja. Kila mtoto atajiona katika sentensi ya mwenzake. Kesho okota mengine manne.

Na sahihisha kosa la aina moja kwa wakati mmoja. Wiki hii ni kiima: kila sentensi ina mtenda mmoja, asirudiwe, asikosekane. Makosa ya "a" na "the" yaache yapite, wiki yake itakuja, na kwa kweli hayo ndiyo ya mwisho kukaa sawa kwa mtu ambaye lugha yake haina kitu kama hicho. Mwalimu anayerekebisha kila kitu kwa siku moja anamfundisha mtoto kwamba hawezi. Hili linataka uvumilivu, maana jicho la mwalimu linaumia kuona "he go" ikiachwa. Litaumia kwa wiki mbili tu.

Mdomo utangulie kalamu. Sentensi iliyotamkwa mara tano na darasa zima, kisha ikabadilishwa mtenda, kisha ikabadilishwa wakati, inakuwa mali ya mtoto kabla hajaiandika. Fundi wa mikeka husuka ukili kwanza, pima baada ya pima, na kushona huja baadaye. Insha isubiri. Muhula mzima wa kwanza unaweza kupita bila insha hata moja na hakuna kitakachoharibika.

Na wasome. Vile vitabu vyepesi tulivyovitaja vilifanya kazi ambayo ubao hauwezi. Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vya Richard Mabala, vimepitiwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Tanzania kwa sababu sentensi zake ni fupi, habari zake ni za watu tunaowajua, na mtoto anafika mwisho wa kitabu kabla ya mwisho wa muhula. Kumaliza kitabu cha Kiingereza kwa mara ya kwanza ni jambo kubwa kwa mtoto wa miaka 14. Lakini katika shule nyingi nakala zimefungiwa kabatini ofisini kwa hofu ya kupotea. Tunawaomba wakuu wa shule: fungueni makabati. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake, na kilichofungiwa hakijamfaa mtu.

Mzigo huu usiachiwe mwalimu wa Kiingereza peke yake. Kila somo lina sentensi zake chache zinazorudi tena na tena. Sayansi inasema kitu fulani kinasababisha kingine, kitu kimeundwa na vitu fulani, kitu hubadilika kikipashwa joto. Historia inasema jambo lilitokea kwa sababu ya jambo jingine. Jiografia inasema mahali fulani pako wapi na panafananaje. Mwalimu wa kemia akiwafundisha wanafunzi wake sentensi kumi tu za namna hiyo, "Water boils at 100 degrees," "Iron rusts in moist air," wakaziunda upya wenyewe kwa vimiminika vingine na vitu vingine, amefundisha kemia na Kiingereza kwa pumzi moja. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikiwa na nakala za majibu yenyewe kwa mwandiko wa watoto. Tunawasihi walimu wa masomo yote wazisome taarifa hizo kalamu mkononi. Humo wataona jinsi mtahiniwa anavyonakili maneno ya swali na kuyapanga upya yawe jibu, na watamtambua kama mwanafunzi wao.

Wapo pia watu wazima, na tusiwasahau. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kuhamisha elimu kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, walimu wazima walijikuta wakijifunza lugha waliyotakiwa kuifundishia. Familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili zilizopata makazi Marekani zinahitaji kuandika maelezo kwa shule ya mtoto au kwa mwenye nyumba, na haziwezi kusubiri miaka sita ya sarufi. Kwao ushauri ni uleule: habari moja, mtenda mmoja, kitenzi kimoja, nukta. "My son is sick. He has a fever. He will not come to school today." Shule imeelewa, na heshima ya mzazi imebaki palepale.

Kuna wanaosema simu imeshamaliza tatizo, kwamba programu za tafsiri na za kuandika zitatoa sentensi safi kwa kubonyeza tu. Zinatoa, na ni msaada kwa mtu mwenye haraka. Lakini mtoto asiyejua sentensi hawezi kujua kama aliyopewa inasema alichokusudia. Aandike kwanza ya kwake, kisha aiulize simu, kisha alinganishe na aeleze tofauti. Kwa mpangilio huo simu ni mwalimu wa ziada. Ikitangulia, inakuwa ubao mwingine wa kunakili.

Tunachoomba hakihitaji bajeti mpya. Zile wiki za mwanzo wa kidato cha kwanza zinazotengwa kwa ajili ya kuwazoesha wanafunzi Kiingereza zitumike zote kwa kutunga sentensi, kwa mdomo na kwa maandishi, na mwalimu aruhusiwe kutumia Kiswahili waziwazi kuzieleza. Vyuo vya ualimu vimfundishe kila mwalimu, wa somo lolote, mahali ambapo sarufi ya Kiswahili na ya Kiingereza zinaachana, ili asione ujinga pale palipo na tafsiri. Taasisi ya Elimu iweke katika vitabu vya kiada nafasi tupu ya mwanafunzi kuandika sentensi yake, badala ya mazoezi ya kujaza pengo pekee. Mzazi, hata asiyejua Kiingereza, amwombe mtoto jioni amsomee sentensi tatu alizotunga leo na amweleze maana yake kwa Kiswahili. Akishindwa kueleza, ujue amenakili. Na mthibiti ubora wa shule akiingia darasani, kabla hajauliza andalio la somo, achukue daftari la mwanafunzi yeyote na ahesabu ni sentensi ngapi humo ambazo mtoto ametunga mwenyewe.